Kifungo kimeisha, rekodi bado ipo: Mwanao anaporudi kutoka gerezani

Kijana akitoka gerezani, jamaa hukusanyika. Kuku huchinjwa, mchungaji au imamu huitwa aombe dua, na majirani hupita mmoja mmoja kutazama kama amekonda. Hiyo ni wiki ya kwanza. Kufikia mwezi wa tatu wageni wamekwisha, nguo alizonunuliwa zimeanza kuchakaa, na mama anahesabu ni mara ngapi mwanawe ametoka asubuhi kutafuta kazi na kurudi jioni bila kitu. Minong'ono huanzia hapo: hataki kazi, amezoea kulishwa na serikali.

Mara nyingi si uvivu. Ni karatasi.

Karatasi hiyo inaitwa cheti cha maadili mema. Hutolewa na DCI, yaani Idara ya Upelelezi wa Jinai. Mwombaji hujaza fomu kwenye mtandao wa eCitizen, hulipa Sh1,050, huchapisha fomu ya C24, kisha huenda kuchukuliwa alama za vidole katika makao makuu ya DCI, Kiambu Road, au katika kituo cha Huduma. Vidole hivyo hulinganishwa na vilivyo kwenye kumbukumbu za polisi. Kama umewahi kupatikana na hatia, kumbukumbu hizo zinajua.

Tatizo ni kwamba kazi ambazo mtu asiye na masomo mengi angezikimbilia ndizo zinazodai cheti hiki kwanza. Dereva wa matatu na utingo wake hawapati leseni ya kuhudumu bila cheti. Kampuni za ulinzi hukitaka. Mwalimu hasajiliwi na TSC bila cheti. Hata mwenye duka kubwa anayetafuta mtu wa kupanga bidhaa siku hizi hukitaja kwenye tangazo. Wafungwa wa Kamiti kwa miaka mingi ndio waliogonga nambari za usajili wa magari tunayopanda kila siku. Mtu aweza kutengeneza nambari hizo miaka mitano kisha, akitoka, ashindwe kupata kazi ndani ya gari lenye nambari aliyoigonga mwenyewe.

Jina lenyewe la cheti linapotosha kidogo. Hakipimi maadili ya mtu. Kinaonyesha tu kama vidole vyake vina rekodi. Wako wezi wengi wenye cheti safi, kwa sababu hawajawahi kushikwa. Na wako watu walioiba mara moja wakiwa na miaka 19, wakatumikia adhabu yao yote, na bado karatasi inawataja.

Lakini jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na ambalo huwagharimu watoto wao miaka baadaye, ni hili: rekodi haisubiri mtu afungwe. Faini pia ni hukumu.

Mambo huenda hivi. Kijana anashikwa Ijumaa jioni na msokoto wa bangi, au amepigana kwenye klabu, au amekutwa na simu ya wizi. Jumatatu anafikishwa kortini. Mzazi amekesha, ameuza mbuzi au amekopa kwenye chama, na ushauri anaompa mwanawe mlangoni pa korti ni mmoja: kubali makosa tulipe faini twende nyumbani. Kijana anakubali. Faini inalipwa kabla ya saa sita. Wote wanarudi nyumbani wakiamini kwamba yamekwisha. Hayajaisha. Alama za vidole zilizochukuliwa kituoni zina faili, na kwenye faili hiyo sasa pameandikwa kwamba alipatikana na hatia kwa kukiri mwenyewe. Siku atakayoitwa kazi nzuri, miaka sita mbele, ndipo faini ile itakaporudi.

Hii si kusema mtoto afundishwe kukana alichofanya. Ni kusema kwamba kukiri kortini ni uamuzi mzito, na haufai kufanywa kwa sababu mtu amechoka kulala seli. Mzazi ana haki ya kuomba muda wa kumwona wakili kabla mashtaka hayajajibiwa. Asiye na uwezo anaweza kuulizia Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2016. Kwa ugomvi mdogo na makosa mengine madogo ya kibinafsi, kifungu cha 176 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinairuhusu mahakama kuhimiza pande mbili zipatane, na kesi ikaisha hivyo. Na aliyehukumiwa ana siku 14 za kukata rufaa, ingawa aliyekiri mwenyewe kwa kawaida husikilizwa juu ya adhabu tu, si juu ya hatia.

Kuna dogo jingine ambalo husahaulika. Kesi ikitupiliwa mbali au ikiondolewa, usiondoke kortini mikono mitupu. Omba nakala iliyothibitishwa ya uamuzi na uihifadhi. Wapo walioachiliwa huru kabisa ambao, walipoomba cheti, waliambiwa kesi yao bado iko wazi, kwa kuwa hakuna aliyepeleka habari kutoka kortini hadi DCI. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayoondoa utata.

Kwa watoto wa shule mambo yamekuwa na pande mbili. Mwaka 2021, wakati mabweni yalipokuwa yakichomwa, DCI ilionya kwamba mwanafunzi atakayepatikana na kosa la jinai atabaki nalo kwenye rekodi, na litaonekana siku atakapoomba cheti. Onyo hilo liliwatisha wazazi, na labda ndilo lililokusudiwa. Kwa upande wa pili, Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12, na ikaweka njia ya kumwondoa mtoto kwenye mkondo wa korti: aombe radhi, alipe fidia, apate ushauri nasaha, abaki shuleni. Mzazi ambaye mtoto wake ameshikwa akiwa chini ya miaka 18 anafaa kuuliza juu ya njia hiyo mapema, kwa afisa wa watoto na kwa kiongozi wa mashtaka, badala ya kusubiri mambo yafike mbali.

Sasa turudi kwa yule ambaye tayari ametumikia. Je, amwambie mwajiri?

Wengi huficha. Huanza kazi, hufanya vizuri mwezi mzima, kisha idara ya wafanyakazi inadai cheti na wao wanatoweka bila hata kuchukua mshahara. Mwajiri anabaki akisema, unaona, alikuwa mwizi. Kusema mapema kunauma zaidi lakini hudumu. Maneno yasiwe mengi: nilifungwa mwaka fulani kwa kosa fulani, nilitumikia kifungo changu, nikiwa ndani nilijifunza kazi hii, na huyu hapa ndiye mtu anayenijua tangu nitoke. Bila kulia, bila kumlaumu hakimu. Mwajiri akikataa, na wengi watakataa, ana sheria upande wake. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza ubaguzi wa kabila, dini, jinsia, ulemavu na mengine, lakini haimtaji mtu aliyewahi kufungwa.

Na si kila kukataa ni ubaguzi. Mzazi yeyote anayesoma haya angetaka shule ya mwanawe imkatae mtu aliyefungwa kwa kumdhulumu mtoto, na angekuwa sahihi. Lakini ni vigumu kueleza kwa nini aliyeiba kuku asiruhusiwe kufagia ofisi miaka kumi baadaye. Waingereza walilitazama suala hili mwaka 1974 wakatunga sheria inayosema kwamba baada ya muda fulani bila kosa jipya, hukumu nyingi huhesabiwa kuwa zimekwisha na mtu hana haja ya kuzitaja kwa waajiri wengi. Aliyefungwa mwaka mmoja au chini ya hapo, kwa mfano, leo husubiri miezi 12 baada ya kumaliza adhabu. Kazi za kulea watoto na wagonjwa zina masharti yake tofauti.

Hapa kwetu njia iliyo wazi zaidi ni ile isiyopita ofisini. Mjengo, jua kali, shamba, gereji, kinyozi, cherehani. Mafundi wadogo hawaulizi cheti; hutazama mkono. Ndiyo sababu mafunzo ya gerezani yana uzito. Wafungwa hujifunza useremala, uchomeleaji, ushonaji na upakaji rangi, na wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA wa gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza. Mzazi anayemtembelea mwanawe amuulize hivi: umejiandikisha kufanya mtihani? Swali hilo lina faida kuliko kuulizana kila ziara ni nani aliyemponza.

Pesa za kuanzia ni jambo la kuangalia kwa makini. Malipo ya kazi ya gerezani ni kidogo mno, hayalipi hata kodi ya chumba kwa mwezi. Familia zenye uwezo hukimbilia kumpa kijana mtaji mkononi, na mtaji huo mara nyingi hauoni mwisho wa mwezi. Deni la zamani, rafiki wa zamani, na aibu ya kuonekana hana kitu huumaliza. Vifaa ni bora kuliko noti. Randa, msumeno, cherehani ya mitumba, au siku ishirini za kufanya kazi chini ya fundi anayeaminika ambaye familia imezungumza naye. Maafisa wa probesheni, ambao kazi yao haikomi kortini kama wengi wanavyodhani, huwasaidia baadhi ya wanaotoka kwa vifaa vya ufundi na kuwafuatilia. Ofisi zao huwa karibu na mahakama, na kuuliza hakulipishwi.

Kuna maandalizi madogo ya kufanya wakati yuko ndani bado. Kitambulisho chake kiko wapi? Kama kilipotea wakati wa kukamatwa, mjue mapema. Laini yake ya simu isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa na baadaye kupewa mtu mwingine, na pamoja nayo huenda M-Pesa yake na namba zote za watu waliomjua kama fundi au mfanyabiashara. Ndugu mmoja anaweza kuiweka hai kwa kuitia kredo mara kwa mara. Hesabuni pia tarehe vizuri: kwa makosa mengi, mfungwa mwenye mwenendo mwema hupunguziwa theluthi moja ya kifungo, hivyo aliyepewa miaka mitatu anaweza kubisha hodi baada ya miwili.

Nyumbani atakuwa na mazoea yatakayowashangaza. Ataamka alfajiri na kukaa kitandani akisubiri kuambiwa. Atakula haraka. Wengine huomba ruhusa ya kwenda chooni. Kumcheka ni rahisi, na watoto watacheka. Wakubwa wasiongoze kicheko hicho.

Watoto, hasa, wana hesabu yao. Katika familia nyingi huambiwa baba yuko Saudia, au amehamishwa kikazi. Uongo huo hushika mpaka mtoto afike darasa la nne na mwenzake amwambie ukweli uwanjani mbele ya wengine. Tangu hapo haulizi tena, kwa kuwa amejua kwamba nyumbani hapasemwi kweli. Mtoto wa miaka saba anaweza kubeba maneno haya: baba alifanya kosa, anaadhibiwa, anakupenda, na si kosa lako.

Kwa akina mama waliofungwa mzigo ni mkubwa zaidi, na jamii huwahesabia kosa mara mbili. Sheria inaruhusu mtoto mdogo akae gerezani na mamake hadi afike miaka minne, kisha lazima atoke, na mara nyingi bibi ndiye humpokea. Mama akitoka hukuta mume ameoa, nyumba imefungwa, na mtoto anamwita shangazi. Susan Kigula wa Uganda alimwacha binti wa mwaka mmoja alipokamatwa mwaka 2000. Alihukumiwa kifo, akaongoza kesi ya wafungwa 417 iliyofanya Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009 kuharamisha adhabu ya kifo ya lazima, akasomea sheria akiwa ndani kupitia Chuo Kikuu cha London, na akatoka mwaka 2016. Kazi aliyoichagua baada ya hapo ni kuwasaidia watoto wa wafungwa.

Bado kuna aliyekosewa. Kama kosa lilifanyika kijijini, familia ya aliyeumizwa ingali pale, na kijana kurudi moja kwa moja kwenye kijia kile kile kunaweza kuleta rungu badala ya salamu. Wazazi wenye busara humwendea chifu na wazee kabla ya siku ya kutoka, huuliza hali ya hewa, na ikibidi humpeleka kwanza kwa mjomba au shangazi mji mwingine hadi mazungumzo ya kuomba radhi yafanyike.

Afisa wa probesheni huenda akafika nyumbani kabla hata ya siku hiyo, na maswali yake huwa mafupi. Atalala wapi? Nani atamsimamia? Atafanya kazi gani? Familia nyingi hujibu mawili ya kwanza vizuri na kunyamaza kwenye la tatu. Kama fundi wa pale sokoni amekwisha kukubali kumjaribu kwa mwezi mmoja, jina la fundi huyo na namba yake ya simu ndilo jibu.