Mlango Alioukata Kiwavi

Mjukuu wangu alitoka chumbani mbio, chupa mkononi, macho yamemtoka. "Bibi, hebu angalia! Nani amewatia hawa humu ndani?"

Ilikuwa ile chupa yake ya punje za kuhesabia. Mwalimu wa hisabati aliwaagiza kila mmoja apeleke shuleni punje 100 za mahindi, naye akachagua nzuri tupu, nzima, zisizo na tundu hata moja, akazitia kwenye chupa ya jamu na kukaza kifuniko. Likizo ikaingia. Chupa ikakaa juu ya kabati wiki tano, hakuna aliyeigusa. Na sasa nyuma ya kioo walikuwa wakitambaa wadudu watatu wenye mabawa, rangi ya majani makavu.

Kifuniko kilikuwa kimekazwa. Alinionyesha mara mbili, nisije nikadhani alikifungua.

Nikamwambia, "Hawakutiwa na mtu, mwanangu. Walikuwamo tangu siku ile ulipohesabu."

Hakuniamini. Nanyi mnaosoma huenda hamniamini. Sogeeni basi, maana kisa cha mdudu huyu kina mlango wa siri, na mimi nimeuona miaka mingi na bado sijauzoea.

Jina lake ni nondo wa nafaka. Nondo huyu si zile za chuma wanazosuka mafundi ujenzi. Ni ndugu wa kipepeo, wa jamii ya wale wanaokuja usiku kuzunguka taa. Wapo nondo wakubwa kama kiganja cha mtoto, lakini huyu wetu akitulia ana urefu wa punje ya mchele tu, milimita sita au saba hivi. Akiyatandaza mabawa yake, kutoka ncha hadi ncha ni kama milimita 10 hadi 18.

Nikachukua kioo cha kukuzia, tukaenda dirishani kwenye mwanga.

Mabawa ya mbele yana rangi ya pumba, yanang'aa kidogo kama hariri, na mara nyingine yana kidoa cheusi. Akitulia huyalaza mgongoni mithili ya paa la nyumba. Uzuri wake hasa umefichwa chini ya paa hilo. Mabawa ya nyuma ni ya kijivu, membamba, nayo ncha yake huchongoka ghafla kama kidole kinachoonyesha njia. Ukingoni yamezungukwa na vinyweleo virefu. Mmewahi kuona kikoi kilichoachwa matamvua marefu? Ndivyo yalivyo, ila matamvua ya nondo huyu ni mapana kuliko bawa lenyewe. Ukimkuta mdudu mdogo ghalani, tafuta ncha hiyo ya kidole na matamvua hayo, utakuwa umemjua.

Mjukuu alimgusa mmoja kwa ncha ya kidole, kidole kikabaki na vumbi la dhahabu. Vumbi lile ni magamba. Kila bawa la nondo limeezekwa magamba madogo mno, moja likiegemea jingine kama vigae. Ukimshika unamwezua. Ndiyo maana nikamwomba asimguse tena.

Kichwani ana papasi mbili nyembamba kama nyuzi, na mbele ya uso kuna vitu viwili vimepinda kwenda juu, vimechongoka kama pembe za mbuzi mdogo. Si pembe. Ni sehemu za mdomo, na kazi yake mojawapo ni kunusa. Mdomo wenyewe ni mrija uliojikunja. Hana meno. Hana taya za kutafuna. Shikeni hilo mkononi, tutalihitaji mbele.

"Kama hana meno," mjukuu akauliza, "mahindi yanatobolewa na nani?"

Swali zuri kuliko yote aliyouliza siku ile. Nondo mwenyewe huishi wiki moja, labda mbili, na katika siku hizo chache kazi yake ni kutafuta mwenzake na kutaga. Jike hutoa harufu ambayo sisi hatuisikii, dume huinasa kwa papasi zake gizani akaifuata. Mlaji wa mahindi ni mtoto wao.

Turudi basi shambani. Kwetu Handeni mvua za masika zikiisha, mahindi huachwa yakaukie kwenye mabua. Jioni jua likizama, jike huja. Akikuta hindi ambalo maganda yake hayakufunika vizuri ncha, huingia akataga katikati ya punje. Huweza kutaga mayai zaidi ya 100, na kila yai ni kama nusu milimita. Mwanzoni ni meupe, kisha siku zikienda yanageuka mekundu. Mkulima anavuna, anabeba, anashukuru Mungu kwa mavuno, naye mgeni yumo ndani ya gunia tayari.

Baada ya siku chache yai hupasuka. Kiwavi anayetoka ana urefu wa milimita moja, mwembamba kama uzi wa kushonea. Fikirieni kiumbe huyo amesimama mbele ya punje ya hindi kavu, ngumu, ambayo mimi kwa meno yangu ya sasa siithubutu. Yeye anazo taya, lakini punje ni telezi na hana pa kujikaza. Basi mara nyingi husokota kwanza nyuzi za hariri, akajijengea kijibanda juu ya punje, akaegemea humo huku akitoboa. Tundu analoingilia ni dogo mno hata jicho halilioni. Ndiyo maana punje zilizochaguliwa kwa uangalifu wote zilionekana nzima.

Akishaingia, hatoki tena. Punje ni chumba chake, chakula chake na choo chake. Anakula kiini, anakula unga, anakua hadi kufikia milimita tano, mweupe wa manjano mwenye kichwa cha kahawia, mnene. Viwavi wa majani, wale mnaowaona kwenye michungwa, wana miguu imara ya kushikilia matawi. Huyu miguu yake imefifia sana, hasa ile ya nyuma. Hana safari. Katika punje ya ngano hukua mmoja tu. Punje ya hindi ni pana, wanaweza kukaa wawili au hata watatu.

Katika joto kama letu hula kwa wiki tatu hivi. Kisha hufanya jambo lile nililowaahidi.

Akiwa amekaribia kulala usingizi wa kugeuka, kiwavi huchimba njia kutoka katikati ya punje kwenda nje. Anachimba mpaka anafika kwenye ganda, halafu anasimama. Halitoboi. Hulikwangua kwa ndani mpaka linakuwa jembamba, akalikata duara, akaacha sehemu ndogo imeshika upande mmoja kama bawaba. Hapo ndipo anaporudi ndani, akajizungushia hariri na kuwa pupa wa rangi ya kahawia, kimya, hali wala hasogei.

Mnaona alichofanya? Yule atakayeamka humo hatakuwa na taya. Nondo mwenye mrija laini hawezi kutoboa hata karatasi, sembuse ganda la hindi. Bila mlango ule angefia ndani ya punje iliyokuwa nyumba yake. Kiwavi hajawahi kumwona nondo, hajui kuruka ni nini, lakini anamkatia mlango wakati bado anazo taya za kuukata, tena anauacha umefungwa ili aliyelala asidhurike. Nondo akiwa tayari husukuma kwa kichwa, duara likafunguka, akatoka. Tangu yai mpaka hapo ni kama wiki tano.

"Wiki tano!" mjukuu akaitazama chupa.

Tukamwaga punje kwenye ungo. Akahesabu upya, 97 nzima na tatu zenye tundu la mviringo. Jumla bado 100.

Sasa msije mkadhani mimi ni mtetezi wake. Nimelia kwa ajili ya mdudu huyu. Mwaka mmoja, nikiwa bado na nguvu za kulima, tuliweka mahindi yakiwa bado kwenye magunzi yake, na tulipoyafuata miezi kadhaa baadaye yalikuwa mepesi mkononi, yamejaa vitundu na kunuka vibaya. Ukitia punje hizo kwenye beseni la maji, zilizoliwa huelea. Zetu zilielea nyingi. Uji wa mwaka ule ulikuwa mchungu, na mbegu tulikopa.

Wafaransa nao walilia. Katika karne ya 18, jimbo la Angoumois, magharibi mwa Ufaransa, ngano yao iliharibiwa vibaya sana hata Chuo cha Sayansi cha Paris kikawatuma wataalamu wawili, Duhamel du Monceau na Tillet, wakamchunguze mdudu huyu. Mwaka 1762 walitoa kitabu kizima juu yake, na kati ya mambo waliyoshauri ni kuipasha nafaka joto la tanuri ili aliyemo ndani afe. Mpaka leo Wazungu humwita nondo wa Angoumois, ingawa anaishi dunia nzima penye joto na nafaka.

Bibi yangu mimi hakusoma kitabu hicho, ila mahindi ya mbegu aliyatundika darini juu ya jiko la kuni, moshi ukayapitia usiku na mchana. Alivuna mapema, na mahindi ya chakula aliyapukuchua. Kupukuchua kuna sababu yake. Nondo ana mabawa dhaifu, hawezi kupenya kati ya punje zilizolaliana. Huishia juu juu tu ya gunia. Fukusi na dumuzi wao hutembea mpaka chini kabisa, hao ni habari nyingine. Hindi likiwa bado kwenye gunzi, nondo ana nafasi tele ya kupita. Siku hizi kuna mifuko isiyopitisha hewa, ambamo wadudu huimaliza hewa iliyobaki wakashindwa kuendelea. Mjukuu akanikamata hapo hapo: mbona wa kwenye chupa hawakufa? Kwa sababu chupa ilikuwa na hewa nyingi juu ya punje chache, na walaji walikuwa wachache tu. Mfuko hujazwa mpaka juu, ukakamuliwa hewa, ndipo ukafungwa.

Kuna jambo jingine linalonishangaza. Huko California, Marekani, miaka ya 1920 ikielekea mwisho, mtaalamu aitwaye Stanley Flanders aliwafuga nondo hawa makusudi. Alitaka mayai yao. Yuko nyigu mdogo, hafiki milimita moja, anayetaga ndani ya mayai ya nondo; yai hugeuka jeusi, na badala ya kiwavi hutoka nyigu. Flanders alitumia mayai ya nondo wa nafaka kuwazalisha nyigu hao kwa wingi, wapelekwe mashambani kuzuia viwavi wengine. Njia hiyo inatumika mpaka leo.

Jioni ile tulizipitisha punje 97 mbele ya tochi, moja moja. Ya 61 mjukuu akapiga kelele. Ubavuni ilikuwa na duara hafifu, mwanga ukipita kama tone la mafuta kwenye karatasi. Tukaiweka peke yake kwenye gilasi, tukafunika kwa kipande cha chandarua na kukifunga kwa mpira. Zilizobaki tukawapa kuku.

Akawa anaamka kabla yangu kuitazama. Siku ya sita alfajiri akaniita kwa kunong'ona, kana kwamba kuna mtu amelala. Nondo alikuwa ametua ubavuni mwa gilasi, matamvua yake yamenyooka. Na kwenye punje kile kifuniko cha duara kilikuwa bado kimening'inia kwenye bawaba yake. Mjukuu akachukua njiti ya ufagio, akakisukuma taratibu. Kikarudi mahali pake.