Namba Zikilingana, Bado Hujathibitisha Kitu

“Namba zote zinalingana, si ndiyo halisi hiyo?” Swali hili huulizwa kila inapopigwa mnada Lee-Enfield No. 4 Mk I (T), bunduki ya wadunguaji wa Uingereza ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na jibu halibadiliki: hapana. Namba ya darubini iligongwa kwenye shingo ya kitako, na namba ya bunduki kwenye kishikio cha darubini. Basi mwenye nyundo na mihuri ya chuma anaziandika zote mbili kwa dakika chache. Darubini zenyewe, No. 32, awali zilibuniwa kwa ajili ya bunduki ya rashasha ya Bren, na nyingi ziliuzwa bila bunduki baada ya vita. Mwenye darubini kama hiyo akitaka kughushi hutafuta bunduki ya kawaida, ambayo bei yake ni ndogo zaidi. Na kinyume chake pia ni kweli: darubini ilipoharibika, fundi wa jeshi aliweka nyingine, akaifuta kwa mstari namba ya zamani na kugonga mpya. Kwa hiyo kitako chenye namba iliyofutwa kinaweza kuwa cha kweli zaidi kuliko kile kisicho na doa.

Wapo watakaosema basi tutazame alama za Holland & Holland wa London, waliozigeuza nyingi kati ya bunduki hizi kuwa za wadunguaji: herufi T ubavuni kushoto, S51 chini ya kitako. Nazo hughushiwa! Jambo la kutazama ni chuma chenyewe. Alama ya kale ina rangi na uchafu uleule chini ya mfereji wa herufi kama pembeni yake. Alama mpya hupasua rangi, na ukingo wake hung’aa. Vikalio vya darubini vilishikwa kwa skrubu na lehemu, na vichwa vya skrubu vikagongwa visilegee. Skrubu nadhifu kwenye rangi iliyochoka ni sababu ya kurudisha pochi mfukoni. Rangi mpya nzima haithibitishi kitu, kwani jeshi lenyewe lilipaka upya.

Kwa ufupi basi: tumia kioo cha kukuza na taa ya pembeni, omba picha za chini ya mbao, usifungue vikalio, lipia mkaguzi asiye na maslahi katika mauzo, na hakikisha kibali cha silaha kabla ya fedha. Muuzaji akikataa ukaguzi, ondoka.