Gesi Chini ya Ngozi

Ugonjwa wa chambavu hupenda wanono. Ng'ombe wa miezi 6 hadi miaka 2, aliyenawiri kwa majani ya mvua mpya, ndiye anayeonekana asubuhi akichechemea, hali, ameachwa nyuma na wenzake, na joto la mwili limepanda hadi nyuzi 41. Kwa kawaida hufa ndani ya saa 12 hadi 48. Mara nyingi mfugaji haoni hata hiyo dalili. Anakuta mzoga tu.

Anayemkuta mnyama yungali hai hupimia mkono. Paja, bega au shingo huwa imevimba. Mwanzoni uvimbe ni wa moto na unauma, baadaye ngozi hupoa na mnyama hastuki tena akiguswa. Ukibonyezwa, huchakarika kama karatasi kavu.

Ni gesi hiyo, inayotengenezwa na bakteria Clostridium chauvoei ndani ya msuli usiopata hewa. Mbegu zake hudumu udongoni miaka mingi, humezwa pamoja na majani, kisha hujibanza katika misuli bila madhara hadi nyama ipondeke kwa teke, kwa kusukumana zizini au kwa safari ya lori. Kwa kondoo, aghalabu hupitia kwenye jeraha: la kunyoa manyoya, kuhasi au kuzaa.

Kazi huwa ngumu pale ugonjwa unaposhambulia ulimi, moyo au kiwambo cha pumzi, kwa maana nje hapaonekani kitu. Hapo ndipo husingiziwa nyoka au radi. Na hapo ndipo watu hufanya kosa baya kuliko yote: kuchukua kisu na kupasua mzoga ili wajue kilichomuua.

Huenda kikawa kimeta. Mzoga wa kimeta huweza kutoka damu nyeusi isiyoganda puani na mkunduni, nao haukakamai sawasawa, ila dalili hizo hazijitokezi kila mara. Ukipasuliwa, bakteria wake hukutana na hewa, hugeuka mbegu sugu, na mpasuaji mwenyewe huweza kuambukizwa. Daktari wa mifugo huanza na tone la damu kutoka mshipa wa sikio, hulipaka kwenye kioo na kulitia rangi ya bluu ya methilini. Chini ya hadubini, vijiti vya bluu vilivyozungukwa na utando wa waridi ni kimeta.

Hata wataalamu waliwahi kuyachanganya maradhi haya mawili. Katika karne ya 19 chambavu ilihesabiwa kuwa aina ya kimeta, na Wafaransa Arloing, Cornevin na Thomas walikuwa miongoni mwa waliozitenganisha.

Kimeta ikishaondolewa shakani, mzoga hufunguliwa. Msuli wa chambavu ni mweusi, mkavu, una vitundu vya gesi na unanuka siagi iliyochacha. Kipande chake kifike maabara upesi, kwani baada ya kifo Clostridium septicum hutoka utumboni na kutapakaa mwilini. Sampuli iliyochelewa juani humtaja mkosaji asiyehusika. Kingamwili zenye mng'ao au kipimo cha PCR huwatofautisha wawili hao.

Penisilini humfaa mgonjwa aliyewahiwa tu. Jibu la maabara huwafaa zaidi waliobaki zizini: Kibaha, mkoani Pwani, serikali ya Tanzania hutengeneza chanjo moja inayokinga kimeta na chambavu kwa pamoja, na ndama ndio wa kwanza kuchomwa.