Upepo Ubebwe na Fremu

Mwenye pikipiki ya miaka ya 1970 anayetaka kuitumia kwa safari ndefu za baridi na mvua huulizia kwanza bei ya kinga ya upepo, halafu urefu wa kioo chake. Ningependa aanze na swali jingine: itafungwa wapi? Kwa pikipiki kuukuu naona jibu ni moja tu, kwenye fremu na wala si kwenye hendeli. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, nguvu ya upepo huongezeka mara nne, na kinga iliyoshikizwa kwenye hendeli huipeleka nguvu hiyo yote kwenye gurudumu la mbele. Pikipiki mpya huenda ikavumilia. Ile ambayo beringi za shingo ya usukani zimelika na shokapu zimechoka itaanza kuyumba, hasa inapopishana na lori. Bodaboda aliyefunga mwavuli mkubwa kwenye hendeli hahitaji kuelezwa zaidi.

Mmarekani Craig Vetter alijenga biashara yake juu ya hoja hiyo. Windjammer, kinga yake iliyouzwa sana Marekani katika miaka ya 1970, ilikaa kwenye fremu na usukani ukazunguka huru nyuma yake. Bodi yake iliweza kuvaa pikipiki nyingi; kilichobadilika ni vyuma vya kufungia, vilivyotengenezwa kufuata kila modeli. Viwanda navyo vikaja huko huko. BMW R100RS ya 1976 ilitoka kiwandani na kinga kamili iliyofungwa kwenye fremu, na Honda Gold Wing, iliyoanza mwaka 1975 ikiwa uchi, kufikia 1980 ilikuwa na toleo lenye kinga yake.

Wapo wanaosema jaketi zito linatosha. Kwa safari ya dukani, sawa. Lakini kwenye nyuzi 5 za Selsiasi, upepo wa kilomita 100 kwa saa hulifanya joto lihisiwe kama nyuzi 3 chini ya sifuri, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki inavyopasa. Wengine hulalamikia joto la injini linalorudi miguuni. Hao wana haki: kwa anayeendesha Mombasa au Dar es Salaam siwezi kuitetea kinga kubwa, ingawa wa Limuru au Njombe huenda akaniunga mkono. Kuhusu kuiharibu pikipiki ya kale, vyuma vizuri hutumia matundu ya boliti yaliyopo. Fundi anayetaka kutoboa fremu au kuichomelea akataliwe.

Kabla ya kukaza chochote, usukani ugeuzwe hadi mwisho kulia na kushoto, kwa sababu waya wa klachi au bomba la breki likivutwa hapo litakuja kukwama barabarani. Kila boliti inayopita kwenye plastiki iwekewe washa ya raba na isikazwe kupita kiasi, la sivyo mtetemo wa injini utafungua ufa kuanzia kwenye tundu. Ukingo wa kioo uwe chini ya macho, ili dereva aangalie juu yake mvua inaponyesha. Taa ikihamishiwa kwenye kinga, ilengwe upya ukutani usiku, na dereva akumbuke kwamba sasa haigeuki na usukani: kwenye kona kali ya mwendo mdogo itamulika mbele moja kwa moja, si kule anakoelekea.