Askari wa Udongo na Vigango vya Pwani

Wakazi wa Kimbo, Ruiru, wanaijua China kwa barabara kuu ya Thika, iliyojengwa na kampuni za huko na kufunguliwa mwaka 2012. Wengi wameona pia picha za askari wa udongo wa Xi'an, waliogunduliwa na wakulima waliokuwa wakichimba kisima mwaka 1974. Wanakadiriwa kuwa 8,000 hivi, wakiwa na farasi na magari ya vita, na walifukiwa ili wamlinde mfalme Qin Shi Huang, aliyefariki mwaka 210 kabla ya Kristo.

Sisi Wakenya tuna vigango, nguzo za kuwakumbuka wafu, na ninaumia kuona mtoto wa Ruiru anawajua askari wale kuliko vigango vya nchi yake.

Wagiriama wa pwani huchonga kigango kwa gogo la mti mgumu na kukinakshi kwa pembetatu kutoka shingoni hadi chini. Vingine hupita kimo cha mtu. Kigango ni cha mzee marehemu aliyekuwa katika Gohu, chama cha wazee wenye mali na heshima. Hakisimamishwi juu ya kaburi. Marehemu humjia mtu wa ukoo wake ndotoni, au maradhi yakaandama nyumba, na mganga akaeleza kwamba koma, yaani roho ya marehemu, anadai kigango chake. Hapo husimikwa bomani, kikapewa chakula na kumiminiwa tembo la mnazi. Askari wa Qin walifichwa wasionwe na yeyote. Kigango huishi na wajukuu.

Kikishasimikwa haking'olewi, hata familia ikihamia shamba jingine. Mwizi alikuta hapo mwanya wake. Alipita kwenye mahame, akang'oa, na wauzaji wakawaambia wanunuzi wa Marekani kwamba ni sanaa iliyotupwa. Mwanaanthropolojia Monica Udvardy alikuwa amepiga picha vigango viwili vya familia moja ya Kaloleni mwaka 1985. Baadaye alivitambua katika makumbusho ya Marekani, na mwaka 2007 familia ikavipokea. Picha ile ndiyo iliyokuwa ushahidi.

Xi'an walijenga makumbusho juu ya shimo lenyewe, yakafunguliwa mwaka 1979, na askari wakabaki walipowekwa. Kigango nacho kinastahili kulindwa hapo hapo kiliposimikwa, kwa sababu kikiondoka jina la mwenyewe hupotea. Makumbusho ya Denver, Marekani, yalipoamua mwaka 2014 kurudisha vigango 30, haikujulikana kila kimoja kilitoka boma la nani.