Je, Wajua? Ngano Isiyoitikiwa Haiendelei

Je, wajua kwamba Kwale, kaunti ya Wadigo na Waduruma, ina pia Wakamba waliohamia Shimba Hills, na Wamakonde ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na mkonge? Kenya iliwatambua Wamakonde kuwa kabila lake la 43 mwaka 2017. Watoto wengi huanza shule na lugha ya mama, na Kiswahili huwafikia kama lugha ya pili.

Je, wajua kwamba hata mtoto Mswahili wa Vanga au Wasini hukuta darasani Kiswahili kisicho chake? Kwao ni Kivumba. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja.

Sasa tazama kinachotokea mwalimu anaposema "Paukwa!" Darasa zima linajibu "Pakawa!" Mtoto ambaye bado hana maneno kumi ya lugha hiyo tayari ana zamu yake ya kusema, na anajua kwamba msimulizi anamngoja. Ukija wimbo wa ngano, anauimba mara ya kwanza kwa kufuata wenzake, na ukirudi mara ya tatu anauimba mwenyewe. Vitendawili navyo vina adabu yao. Mmoja anatega, mwingine anategua. Akishindwa, anaambiwa "Nipe mji", naye anatoa Msambweni au Lunga Lunga, kisha jibu linasemwa mbele ya wote. Kushindwa kumekuwa sehemu ya mchezo, na sioni njia bora ya kumwondolea mwanafunzi woga wa kukosea lugha ya watu.

Mwalimu wa Kihispania wa Marekani, Blaine Ray, alijulikana kwa mbinu inayokaribiana na hiyo: mwalimu anauliza, wanafunzi wanajibu, na majibu yao ndiyo yanayokisogeza kisa mbele.

Je, wajua kwamba Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyeishi Unguja, alichapisha mkusanyo wa hadithi za Kiswahili mwaka 1870, mwaka uleule wa kitabu chake cha sarufi? Mgeni anayejifunza Kiswahili leo pale Diani angenufaika na vyote viwili. Sentensi za mazoezi humpa "nilikwenda sokoni". Ngano humpa akaenda, akamkuta, akamwambia, mpaka sikio lake lizoee jinsi tukio moja linavyozaa jingine.

Kwa hiyo nasikitika ninapoona hadithi ikisomwa kitabuni huku watoto wamefunga midomo, kisha maswali matano ya ufahamu yakaandikwa ubaoni. Msamiati upo, lakini hakuna aliyeitikia. Afadhali mwalimu akatishe ngano mahali pa hatari, mtoto wa Kiduruma akisie yatakayofuata, Mmakonde ampinge, nao wavutane kwa Kiswahili walicho nacho, mwalimu akiwasahihisha baadaye.