Marfan: urefu si ugonjwa, lakini mushipa wa moyo unaweza kupasuka

Tarehe 24 mwezi wa kwanza 1986, huko Matsue, Japani, Flo Hyman alikuwa anacheza voleboli. Walimutoa uwanjani apumuzike, akakaa kwenye benchi, akaanguka, akafa. Alikuwa na miaka 31 na urefu wa metre 1,96. Miaka miwili mbele, yeye na timu ya Marekani walipata medali ya feza ya Olimpiki. Waganga walipochunguza maiti walikuta aorta, mushipa mukubwa unaotoka moyoni, umepasuka. Alikuwa na ugonjwa wa Marfan na hakuna aliyemupima.

Hapa kwetu kijana akifa namna ile, watu wanasema mara moja: « Wamemupa sumu. » Kumbe wakati mwingine jibu liko ndani ya ukoo.

Mwili wetu unashikwa na nyuzi ndogo sana, katika mifupa, macho na mishipa. Mwenye Marfan, nyuzi zile ziko zaifu tangu tumbo la mama. Antoine Marfan, muganga wa watoto wa Ufaransa, alieleza dalili kwa mara ya kwanza mwaka wa 1896. Chanzo, kasoro katika jeni inayoitwa FBN1, kilijulikana 1991. Ugonjwa unapata karibu mutu mumoja kwa 5 000. Muzazi akiwa nao, kila mutoto anaweza kuupata, nusu kwa nusu. Lakini karibu robo ya wagonjwa ndio wa kwanza katika familia yao. Kisha kifo cha Hyman, ndugu yake alipimwa, akakutwa na shida ile ile, akapasuliwa mbele mushipa haujapasuka.

Tusiogopeshe watu warefu, Kivu yetu inao wengi! Angalia dalili zikiwa pamoja: mikono iliyopana kupita urefu wa mutu mwenyewe, kifua kilichoingia ndani ao kutokea inje, mugongo uliopinda, macho yasiyoona mbali tangu utoto. Shika kiganja chako kwa mukono mwingine, pale unapovaa saa: kidole gumba kikipita juu ya ukucha wa kidole kidogo, hiyo ni dalili moja, haitoshi peke yake.

Kipimo chenyewe ni ekografi ya moyo. Dawa za kupunguza nguvu ya mapigo, kama propranolol, zinasaidia aorta isipanuke haraka. Kubeba mifuko ya simenti ao kusukuma chukudu yenye muzigo muzito, hapana. Na mwanamuke aone muganga mbele ya kubeba mimba.

Jambo lingine, ambalo wengi hawalisikie: ciprofloxacin, dawa ile tunayonunua ovyo kwa sababu ya tumbo. Mwisho wa 2018, wakubwa wa dawa wa Marekani walionya kwamba dawa za jamii hiyo zinaweza kuongeza hatari ya aorta kupasuka, zaidi kwa wenye Marfan. Kama uko nayo, mwambie muganga mbele hajaandika dawa. Na maumivu makali ya gafula kifuani ao mugongoni, usingoje asubui.